Daftari la Msomaji na Fumbo la Mpelelezi: Hesabu ya Vitabu na Usomaji wa Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umeshughulika kwa kina na mwandishi, matini na jamii inayosawiriwa na matini hiyo. Msomaji amebaki pembeni. Hata pale anapotajwa, aghalabu huwa ni msomaji wa kinadharia, kiumbe kisicho na kazi ya kuendea asubuhi wala taa ya kuzima usiku. Msomaji wa kujifurahisha, yule asomaye baada ya shughuli za siku, asiyengojewa na mtihani wala kulipwa ujira kwa kusoma kwake, ni nadra kupewa nafasi katika kurasa za uhakiki. Pengo hili ni la kushangaza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiweka hai sehemu kubwa ya riwaya ya Kiswahili, hasa ile inayoitwa fasihi pendwa.

Makala haya yanadhamiria kumchunguza msomaji mmoja wa aina hiyo: yule anayejiwekea mwanzoni mwa mwaka idadi ya vitabu atakavyovisoma, akaweka daftari la kuandika kila anachokimaliza, na ambaye utanzu anaoupenda kuliko tanzu nyinginezo ni riwaya ya upelelezi. Hoja ya msingi ni kwamba daftari hilo na utanzu huo vinaafikiana kwa sababu za kifani, wala si kwa sadfa. Hata hivyo, riwaya bora za upelelezi, na hapa zinakusudiwa hasa zile za Muhammed Said Abdulla, humdai msomaji jambo ambalo daftari haliwezi kulihesabu, nalo ni usomaji wa pili. Aidha, uchache wa riwaya hizo katika Kiswahili hulifanya dai hilo kuwa zito zaidi kuliko lilivyo katika lugha zenye vitabu tele.

Msomaji na Daftari Lake

Desturi ya kuhesabu vitabu si ngeni, wala si ya wasomaji wa fasihi pendwa pekee. William Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne katika karne ya kumi na tisa, aliweka shajara kuanzia mwaka wa 1825 hadi mwaka wa 1896, na humo aliandika siku baada ya siku vitabu na vijitabu alivyovisoma. Majina yaliyomo yanazidi 20,000. Hakuna mhakiki anayemcheka Gladstone kwa hesabu hiyo. Badala yake, wanahistoria huitumia kama ushahidi wa makuzi ya fikra zake. Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini orodha ya mwanasiasa ihesabiwe kuwa hazina, ilhali orodha ya karani au mwalimu aliyesoma riwaya 52 za upelelezi kwa mwaka mmoja ihesabiwe kuwa mchezo?

Jibu la haraka ni kwamba Gladstone alisoma vitabu vizito. Jibu hilo halitoshi. Tofauti iliyo muhimu zaidi iko katika dhima ya orodha yenyewe. Shajara ya Gladstone ilitazama nyuma: iliandika yaliyokwisha kusomwa. Daftari la msomaji wa malengo hutazama mbele. Idadi hutangulia vitabu. Kitabu huja kujaza nafasi iliyokwisha kuandaliwa. Kwa hiyo kitabu kirefu huwa kikwazo, kitabu kigumu huwa hatari, na kitabu kilichowahi kusomwa hukosa thamani kabisa, kwani hakiongezi chochote kwenye jumla. Hapa hesabu huacha kuwa kumbukumbu ya usomaji ikawa kanuni ya kuchagulia.

Hata hivyo, ni kosa kuibeza kanuni hiyo. Msomaji anayejiwekea lengo la kitabu kimoja kwa wiki ameutengea usomaji nafasi katika maisha yenye mambo mengi yanayoigombania. Ameahidi, na ahadi hiyo hakumpa mtu mwingine ila nafsi yake. Mhakiki ambaye kazi yake humlazimu kusoma hana budi kuliheshimu jambo hili kabla ya kulitia kasoro.

Umbo la Riwaya ya Upelelezi

Kwa nini basi msomaji mwenye daftari avutwe na riwaya ya upelelezi? Mhakiki Tzvetan Todorov, katika makala yake ya mwaka wa 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kuwa riwaya hiyo katika umbo lake la kikale ina hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kutendeka na haionekani, na hadithi ya uchunguzi, ambayo ndiyo msomaji anayoifuatilia. Hadithi ya pili ipo kwa ajili ya kuifichua ya kwanza. Inapofaulu, haina tena sababu ya kuendelea. Riwaya ya aina hii kwa hiyo huwa na mwisho ulio dhahiri kuliko wa riwaya nyingine yoyote. Msomaji wa riwaya ya kisaikolojia anaweza kufika ukurasa wa mwisho akabaki na shaka iwapo ameimaliza kweli. Msomaji wa riwaya ya upelelezi hana shaka hiyo. Muuaji ametajwa, kitabu kimefungwa, daftari linaweza kufunguliwa.

Wahakiki wawili wa lugha ya Kiingereza waliutambua mfungamano huu mapema. Edmund Wilson, katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1945, aliuona usomaji huu kuwa uraibu mdogo wenye madhara madogo, wa kuwekwa mahali fulani kati ya uvutaji wa sigara na mafumbo ya maneno ya magazetini. W. H. Auden, mshairi aliyekiri kuwa yeye mwenyewe ni mraibu, alikwenda mbali zaidi katika insha yake ya mwaka wa 1948. Alisema kuwa huisahau hadithi mara tu anapoimaliza, na kwamba hana hamu ya kuisoma tena. Akigundua baada ya kurasa chache kuwa amewahi kuisoma, hawezi kuendelea nayo.

Ungamo la Auden lina uzito kwa kuwa linaeleza vyema hali ya msomaji wa daftari. Ikiwa kitabu husahaulika mara kinapomalizika, basi kinachobaki ni ile alama iliyoandikwa tu. Hesabu inakuwa ndiyo kumbukumbu yenyewe. Msomaji aliyesoma riwaya 30 na kuzisahau zote 30 hana ushahidi mwingine wa mwaka wake isipokuwa nambari. Lakini je, ni kweli kwamba utanzu huu humezwa na jibu lake kiasi hicho?

Kitendawili na Usomaji wa Pili

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulitilia shaka dai la Auden, nayo imo katika fasihi simulizi yake. Kitendawili ni jamaa wa karibu wa riwaya ya upelelezi: mtegaji anajua, mteguaji hajui, na vidokezo vyote vimetolewa mbele ya hadhira. Mteguaji anaposhindwa, hutoa mji, na baada ya mji kupokelewa jibu hutolewa. Hata hivyo, ni mtoto gani wa pwani au wa bara aliyekisikia mara moja tu kitendawili cha nyumba isiyo na mlango? Kila mtu anajua kuwa jibu ni yai, na bado kitendawili hutegwa usiku baada ya usiku. Hadhira ya ngano vilevile haikuacha kuitikia "Pakawa" kwa sababu tu inakumbuka jinsi Sungura alivyomhadaa Fisi. Furaha ya hadhira hiyo haikutokana na kutojua. Ilitokana na kuona tena jinsi jambo linavyofumwa na kufumuliwa.

Roland Barthes, katika kitabu chake S/Z cha mwaka wa 1970, alilifikia wazo linalokaribiana na hili kwa njia nyingine. Kwake, msomaji asiyerudia kusoma hujihukumu kusoma hadithi ile ile kila mahali, kwa kuwa katika kila kitabu hukutana na kile anachokijua tayari. Anayerudia ndiye anayeona kilicho tofauti. Kauli hii inaonekana kama kinaya, lakini ukweli wake hudhihirika zaidi katika riwaya ya upelelezi kuliko kwingineko. Msomaji anayepita mbio kutoka fumbo hadi fumbo hukutana na maiti, washukiwa na ufichuzi. Majina na miji hubadilika, mkondo haubadiliki. Anadhani amesoma riwaya 30. Huenda amesoma moja mara 30.

Mfano mashuhuri ni The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyochapishwa mwaka wa 1926, ambamo msimulizi mwenyewe, Daktari Sheppard, ndiye muuaji. Katika usomaji wa kwanza, Sheppard ni sauti ya kuaminika. Katika usomaji wa pili, kila sentensi yake inasomeka kwa maana mbili, na pale aliporuka dakika kadhaa za usiku wa mauaji panakuwa ndipo penye kisa. Christie hakuandika riwaya moja hapo, bali mbili katika maneno yale yale, na ile ya pili haisomeki ila na aliyekwisha kuisoma ya kwanza. Daftari linaloandika kitabu hicho mara moja limeandika nusu yake tu.

Bwana Msa na Hesabu ya Vitabu Saba

Hoja hii inapohamishiwa kwenye Kiswahili hupata uzito mpya. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Unguja aliyeishi kati ya mwaka wa 1918 na mwaka wa 1991, alikuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika kazi ya uandishi wa habari. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikachapishwa mwaka wa 1960. Ilifuatwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Ni riwaya saba.

Msomaji wa Kiingereza anayejiwekea lengo la kitabu kimoja kwa wiki anaweza kumsoma Christie peke yake, aliyeandika riwaya 66 za upelelezi, kwa zaidi ya mwaka mzima bila kurudia. Msomaji wa Kifaransa ana riwaya 75 za Georges Simenon zinazomhusu Maigret. Msomaji wa Kiswahili anayempenda Bwana Msa huimaliza hazina yake katika wiki ya saba. Mwezi wa Machi haujafika, na daftari lake limekwisha kukwama.

Hapa ndipo msomaji anapopata njia tatu. Anaweza kuhamia lugha nyingine. Anaweza kuhamia waandishi wengine wa Kiswahili. Au anaweza kurudi mwanzo. Wahakiki wamezizungumzia njia mbili za kwanza, moja kwa masikitiko na ya pili kwa tahadhari. Njia ya tatu haijazungumzwa ipasavyo, ingawa Bwana Msa ndiye anayeistahili.

Chukua Mzimu wa Watu wa Kale. Kifo kimehusishwa na mzimu, na kwa wengi wa wahusika maelezo yamekwisha kupatikana: watu wa kale wamekasirika. Bwana Msa, akiwa na kiko chake na mwandani wake Najum, hakubali. Katika usomaji wa kwanza, taharuki inasimama juu ya swali moja: ni mzimu au ni mtu? Muundo huu unakumbusha The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle, iliyotoka katika umbo la kitabu mwaka wa 1902, ambamo mbwa wa mashetani anangojewa hadi mwisho kuthibitishwa kuwa mbwa wa kawaida. Wahakiki wengi wameishia kwenye ulinganisho huu, wakamwita Bwana Msa Sherlock Holmes wa Unguja, kisha wakamwacha hapo.

Usomaji wa pili unavunja ulinganisho huo. Msomaji anayejua tayari kuwa mkono uliotenda ni wa binadamu hashughulishwi tena na mzimu kama kitisho. Anaanza kuuona kama pazia: jinsi imani ya wengi inavyoweza kumfaa mmoja mwenye la kuficha, na jinsi mazungumzo ya barazani yanavyogeuza dhana kuwa habari na habari kuwa uhakika. Maneno ya wahusika, ambayo katika usomaji wa kwanza yalikuwa vidokezo vya kukusanywa, sasa yanakuwa picha ya jamii inayojieleza kwa kile inachokubali bila kuuliza. Hata ucheshi wa Abdulla, ambao msomaji mwenye haraka huuona kuwa unachelewesha ufichuzi, hujitokeza kuwa chombo cha uchunguzi, kwani ni katika mzaha ndipo mhusika anaposema asilotaka kusema.

Majina ya riwaya zenyewe yanamwelekeza msomaji huko. Giningi katika masimulizi ya Unguja huhusishwa na wachawi. Jina hilo humwalika msomaji kuamini kabla hajafungua kitabu, na akikifungua mara ya pili hana budi kujiuliza ni kwa nini alialikwa hivyo. Mke Mmoja Waume Watatu ni kitendawili kilichokamilika tayari kwenye jalada. Nalo jina la Kosa la Bwana Msa linamtia kasoroni yule ambaye vitabu sita vya awali vilimjenga kuwa mwenye akili isiyoteleza. Aliyesoma vitabu hivyo kwa mfululizo, kisha akarudi nyuma baada ya kile cha saba, hamsomi tena Bwana Msa yule yule.

Si Kila Kitabu Hudai Kurudiwa

Pingamizi moja halina budi kushughulikiwa. Inaweza kudaiwa kuwa hoja hii inawafaa Abdulla na Christie, lakini sehemu kubwa ya riwaya zinazopangwa pamoja nao hazina cha kumpa msomaji wa mara ya pili. Pingamizi hili lina ukweli, na ukweli wake unafaa kutumiwa badala ya kufichwa.

Todorov alitofautisha riwaya ya fumbo na ile ambayo hatari iko mbele badala ya kuwa nyuma. Katika aina hii ya pili msomaji haulizi nani alitenda; anauliza iwapo shujaa atasalimika. Riwaya za Elvis Musiba zinazomhusu Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka wa 1974, zimo katika aina hii. Gamba ni jasusi anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na nguvu ya riwaya hizo imo katika mwendo wake. Joram Kiango wa Ben Mtobwa, katika riwaya kama vile Salamu Kutoka Kuzimu, anasimama kati ya aina hizi mbili: ana fumbo la kufumbua, lakini risasi haimngoji amalize kufikiri. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka wa 1965, nayo imelifanya jiji na simu yake kuwa chanzo cha hofu ya kisasa, mbali na mizimu ya mashamba ya Unguja.

Daftari linamfaa msomaji wa riwaya za mwendo. Hizo hutaka kusomwa kwa kasi, na msomaji anayezihesabu hazikosei heshima. Kosa ni la uhakiki uliozikusanya zote chini ya jina moja la fasihi pendwa, kisha ukazipima kwa kipimo kimoja. Jina hilo linaeleza jinsi vitabu vilivyouzwa. Halielezi jinsi vinavyosomeka. Kipimo cha usomaji wa pili kinaweza kuzitenganisha kwa haki zaidi: riwaya ambayo jibu lake huifungua upya, na riwaya ambayo jibu lake huifunga. Ya kwanza haiwi bora kuliko ya pili kwa kila hali, lakini mahitaji yake ni tofauti. Inahitaji kuwepo rafuni pindi msomaji anaporudi.

Na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, shirika la uchapishaji lililomzindua Abdulla lilipoteza msingi wake wa nchi tatu. Kitabu kinachotegemea kusomwa mara moja kinaweza kustahimili kutochapishwa tena, kwa kuwa kazi yake imekwisha kufanyika. Kitabu kinachodai kurudiwa hufa nusu kifo kila nakala inapopotea, kwani nusu yake ya pili haijapata msomaji.

Darasa na Daftari

Nchini Kenya, usomaji wa pili una makao yake rasmi, nayo ni darasa. Tangu mtihani wa KCSE uanze mwaka wa 1989, vizazi vya wanafunzi vimezisoma riwaya teule kama vile Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, zote za Ken Walibora, si mara moja bali mara tatu au nne, kalamu mkononi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hurudia kusoma kuliko msomaji yeyote wa kujifurahisha. Lakini hakukichagua kitabu, na swali analorudi nalo limetungwa na mtahini. Baada ya karatasi ya mwisho, wengi hawarudi tena.

Kuna basi wasomaji wawili wanaopishana njiani. Mmoja anarudia bila hiari. Mwingine ana hiari na harudii. Mmoja amefundishwa kuwa kitabu ni kimoja na maswali ni mengi. Mwingine amejifunza kuwa vitabu ni vingi na swali ni moja. Riwaya ya upelelezi inaweza kuwakutanisha. Humpa mwanafunzi sababu ya kutaka kufika mwisho, na humpa msomaji wa daftari sababu ya kutaka kuanza tena. Mwalimu anayewasomesha wanafunzi wake riwaya ya Bwana Msa, kisha akawauliza baada ya ufichuzi ni wapi walipodanganyika na ni kwa nini walikubali kudanganyika, atakuwa amewafundisha uhakiki bila kulitaja neno hilo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa msomaji anayehesabu vitabu vyake anastahili kuangaliwa na uhakiki, na kwamba mapenzi yake kwa riwaya ya upelelezi yana msingi katika umbo la riwaya hiyo. Imeonyeshwa pia kuwa hesabu yake inaacha nje kile ambacho riwaya bora za utanzu huo hutoa baada ya fumbo kufumbuliwa. Haina maana kwamba daftari litupwe. Marekebisho yanayohitajika ni madogo: safu moja zaidi kando ya jina la kitabu, ya kuandikia mara ngapi kimesomwa. Kwa msomaji wa lugha yenye vitabu tele, safu hiyo ni ya hiari. Kwa msomaji wa Kiswahili mwenye riwaya saba za Bwana Msa, ndiyo itakayomwezesha kuumaliza mwaka.

Wachapishaji na wakutubi nao wana la kujifunza kutokana na safu hiyo. Vitabu vitakavyojirudia ndani yake ndivyo vinavyostahili kuchapishwa tena kabla nakala za mwisho hazijachakaa mikononi mwa wale waliovipenda.